Wajane Wawili wa Maganga

Kasoli, Bariadi
6 Oktoba 2024

Mke mwenzangu Kabula,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bukundi, ukifundisha watoto wa watu bila kuwapigia kelele sana. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma kila likiona mawingu, na mawingu yenyewe hayana mvua, kwa hiyo goti linateseka bure.

Mwalimu mwenzako Lucy akiona nimekuita mke mwenza asishangae. Mwambie kwetu Usukumani mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na kwamba mimi na wewe tuliolewa na Maganga mmoja, mimi kwa ng'ombe, wewe kwa pipi. Sasa tumebaki wajane wawili. Mimi naijua kazi ya ujane, nilimwona mama yangu akiifanya. Wewe sijui kama umeshajifunza.

Habari za hapa ni njema. Baba yako bado yuko Geita, ametuma salamu na kilo mbili za sukari. Mbuzi yule wa pembe moja amezaa mapacha, wote majike. Maduhu, rafiki wa babu yako, anapita kila asubuhi kunisalimu. Anakaa, anaguna, anaondoka. Nadhani anamtafuta mwenzake ila anaona aibu kuuliza.

Usihangaike kunipigia simu. Ile ya babu yako nimeizima. Watu ambao hawakupata habari walikuwa wakipiga kumtaka, nami nikawa natangaza kifo chake upya kila wiki kama redio. Wewe andika. Barua mpe kondakta wa basi, ataiacha Mwanhuzi kwa Dastan wa duka la baiskeli, naye ataileta kwa basi la Bariadi. Nilisoma elimu ya watu wazima mpaka nikapewa cheti, si vizuri kalamu ikae tu.

Sasa neno lenyewe. Baba yako mdogo Josia alikuja Jumapili na mkewe. Wanataka nihamie kwao Mkula. Ana mashine ya kusaga, ana vyumba vya kutosha, na watoto wamejaa uani. Nimekubali. Nitaondoka kabla ya Krismasi. Kwa hiyo mwaka huu hakuna Krismasi hapa Kasoli, hakuna vyungu viwili, hakuna hukumu. Nimeona nikwambie mapema usije ukanunua mchele.

Usinionee huruma. Tangu Agosti nimepewa pole za kutosha, ningeweza kufungua duka.

Mke mkubwa,
Maximiliana


Bukundi, Meatu
27 Oktoba 2024

Mke mwenzangu mpendwa, Bibi Maximiliana,

Mwangaluka nawe. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha Dastan chenye grisi, lakini maneno yote yamesomeka. Lucy anakusalimu. Nimemweleza habari ya mahari yangu ya pipi, akasema niliolewa kwa bei ya chini mno.

Huku jua linachoma. Maji tunachimba kwenye mchanga wa mto, wanawake tangu alfajiri, walimu baada ya kengele ya mwisho. Darasa la nne wamefanya mtihani wao wiki hii. Kwenye majaribio mmoja aliulizwa ataje faida mbili za ng'ombe, akataja saba, kisha akaomba karatasi nyingine. Huyo hahitaji kuulizwa kabila.

Kuhusu Mkula, naona ni jambo jema. Baba mdogo ana nafasi na watoto watakuchangamsha. Ua ule ni mkubwa kwa mtu mmoja. Nenda, Bibi.

Mimi Krismasi nitabaki hukuhuku. Kuna kazi za shule, na mtu lazima aangalie majengo. Lucy amenialika nikale kwao. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu.

Wasalimie Maduhu na wale mapacha.

Mke mdogo,
Kabula


Kasoli, Bariadi
14 Novemba 2024

Kabula,

Mwangaluka. Mimi mzima, mbuzi wazima, Maduhu mzima na bado anaguna.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliponizuia. Sikupaona. Umekubali haraka mno. Nilidhani mke mdogo atakuja juu, atasema mji wa mume wetu hauachwi hivihivi, atalia kidogo, nami nitambembeleza. Badala yake naambiwa, "Nenda, Bibi," kama mtu anayemfukuza kuku kwenye mtama.

Tena eti unaangalia majengo. Shule ina mlinzi mwenye rungu na tochi. Tangu lini mwalimu wa hesabu akalinda milango? Ukitaka kunidanganya, danganya vizuri. Uliolewa na bingwa wa kazi hiyo.

Mvua ya kwanza imenyesha. Vijana wa Maduhu wamenilimia kwa ng'ombe ekari moja, nami nimepanda pamba, ili mkono usisahau. Udongo umeshika maji vizuri.

Sasa nitasema jambo ambalo tangu Agosti sijalisema. Mjukuu kazi yake msibani unaijua. Wengine wote wanalia. Mjukuu anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anaziba mlango na kudai urithi wake mpaka watu wacheke. Kilio kikichanganywa na kicheko kinapumua. Nami nilikaa kwenye mkeka ule nikikungoja wewe. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Ukaja, ukalia kama binti yake, mpaka tunamzika. Sikulaumu, ng'wana wane, mwanangu. Lakini Maganga, mtu aliyekuwa akichekesha hata foleni ya zahanati, alizikwa kimya kama mpita njia. Tangu siku ile sijacheka, na mtu asiyecheka hawezi kukaa kwenye nyumba hii. Kila kona yake ilijengwa kwa masihara.

Ndiyo maana nahama. Umeuliza? Hukuuliza. Nimekwambia hata hivyo.

Maximiliana


Bukundi, Meatu
27 Novemba 2024

Bibi,

Mwangaluka. Leo nimeanza na "Bibi" tu. Lile jina lingine nitalitumia huko chini nikishapata nguvu.

Mvua imetufikia. Mto tuliokuwa tukiuchimba mchanga sasa una maji ya rangi ya chai ya maziwa na hauvukiki. Juzi tembo walipita nyuma ya nyumba za walimu. Lucy alijificha uvunguni, nami nilipofika uvunguni nikakuta pamejaa.

Nianze na wewe. Unasema unahamia Mkula Desemba, na kwenye barua hiyohiyo unasema umepanda pamba Novemba. Bibi, mtu anayehama hapandi pamba. Nani ataipalilia, Maduhu kwa kuguna? Sitaki unijibu. Nakuonyesha tu kwamba nami najua kusoma barua.

Sasa la msibani. Nilikuja nimejiandaa. Ndani ya basi, tangu Mwanhuzi, nilikuwa nafanya mazoezi ya kikohozi chake moyoni, kile cha mara mbili kabla ya kusema uongo. Nilipanga kulala mlangoni na kudai fungu la mjane mdogo. Nilipoingia uani nikaona katambuga zake ziko juu ya paa la banda la kuku, pale alipoziweka kila siku ili mbwa asizitafune. Alikuwa ameziweka ili azivae tena kesho yake. Kila nilipojaribu kukohoa, kilitoka kilio.

Na Krismasi siji kwa sababu hiyohiyo. Tangu nikiwa darasa la sita, wewe unapika chungu chako cha wali na mimi changu, naye anakusanya majirani kuwa mashahidi, anaonja kote kuwili, anatoa hukumu. Na kila mwaka nashinda mimi. Wali wangu, Bibi! Ule ambao mwiko ukisimamishwa unasimama. Nilipokua nikajua ananidanganya, nikaendelea kushinda, na kila Krismasi nilikuwa nasafiri siku nzima kwenda kudanganywa. Sasa nani atanidanganya kuwa wali wangu ni mzuri? Siwezi kukaa kwenye ua ule nikimsubiri mtu atakayesema ukweli.

Nampenda mpaka leo. Sijui mtu anaupeleka wapi upendo wa namna hiyo.

Basi nimesema, mke mwenzangu. Unaona, jina limerudi.

Kabula


Kasoli, Bariadi
9 Desemba 2024

Kabula,

Mwangaluka. Kila nikituma mtu stendi anarudi mikono mitupu. Ama umekasirika, ama mto umekula basi. Kama umekasirika, poa. Maneno yangu ya Novemba yalikuwa na chumvi, lakini yalikuwa ya nyumbani.

Pamba imeota. Mapacha wameachishwa ziwa, wanakula kila kitu, hata ukili wa mkeka wangu.

Josia anakuja na gari tarehe 22 kunichukua. Nina ombi moja tu. Mji wa wake wawili haufungwi na mke mmoja, ni mwiko. Usiniulize nani aliuweka mwiko huo. Njoo tukunje mikeka pamoja, tufunge mlango, kisha urudi kwa Lucy wako ukale. Sitapika, nawe hutapika. Hakuna atakayekudai chochote.

Maximiliana


Bukundi, Meatu
15 Desemba 2024

Mke mwenzangu,

Mwangaluka. Hii nampa dereva wa lori la mifugo linalokwenda moja kwa moja Bariadi, asipitie kwa Dastan. Nimesikia Dastan alikwenda msibani Itilima akafunga duka na barua za watu ndani, na barua yangu ya Novemba ni mojawapo. Kama itakufikia, isome ukiwa umekaa. Kama haitakufikia, vizuri zaidi.

Sijakasirika. Nakuja. Huo mwiko wako sijawahi kuusikia, nami nimekulia mikononi mwako, lakini nitautii.

Sileti mchele.

Kabula


Bukundi, Meatu
19 Januari 2025

Mke mwenzangu mpendwa,

Mwangaluka. Nilifika salama, mto uliniruhusu. Shule imefunguliwa, darasa la kwanza wapya wamejaa, na mmoja wao analala kila nikianza kujumlisha. Michembe uliyonipa imekwisha. Mimi nilikula kidogo, Lucy ndiye aliyekula, na baada ya kula akaniuliza kwa nini viazi vikavu ni vitamu hivyo.

Lucy aliniuliza pia ile Krismasi ya kufunga mlango ilikuwaje. Nimemsimulia, hakuamini. Anasema wajane hawafanyi hivyo. Na kweli, nikisimulia naona kuna mahali nakosea, maana nacheka kabla sijafika. Kwa hiyo nakuandikia jinsi nilivyomwambia, nawe unirekebishe.

Nilimwambia nilifika nikakuta baba mdogo Josia hajaja. Gari lilikuwa limezama tope njiani, akatuma ujumbe kuwa atakuja baada ya mwaka mpya. Tukakunja mikeka nusu, nusu tukaiacha tupate pa kulala. Mkesha wa Krismasi tulikula uji. Tuliongea habari za mbuzi. Asubuhi tukaenda kanisani, mimi nikiimba, wewe ukimrekebisha mpiga kinanda kwa macho.

Tuliporudi, ua umejaa watu. Maduhu na wake zake, wajukuu zake, yule mama muuza nyanya, na watu wengine ambao hata sikuwajua. Wote wamekaa wanangoja, wengine wamekuja na sahani zao kabisa. Hakuna aliyewaambia kuwa hukumu imefutwa! Kila Krismasi Maganga aliwaalika kwa ile ijayo, na alishawaalika tangu Krismasi iliyopita. Tungewafukuzaje watu walioalikwa na marehemu?

Nilimwambia Lucy uliwatazama ukiwa langoni, kisha ukasema, "Shika kuku." Maduhu akatuma mchele kutoka kwake. Ukawasha mafiga yako, nikawasha yangu. Wako ukaiva punje kwa punje. Wangu ukawa ule ule.

Vyungu vikaletwa mbele. Kiti cha Babu kilikuwepo, hakuna aliyekikalia. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na chungu. Mzee Maduhu akasukumwa aonje yeye. Akaonja huku, akaonja kule, akaguna, akatushukuru, "Yote mizuri. Wabeja sana." Sijawahi kusikia hukumu mbaya kama ile. Hata watoto walisikitika.

Basi ukainuka. Nilimwambia Lucy ulimkasirikia Maduhu. Ukafunga kanga kiunoni, ukakohoa mara mbili, na Bibi, kilikuwa kikohozi chake hasa. Ukasema kwa sauti yake nzito, "Degelekagi!" na watu wazima wakakaa sawa kusikiliza kama walivyozoea. Ukasema, "Wali wa mke mkubwa kila punje iko peke yake, inakwenda njia yake, hainisalimu, kama wanangu. Wali wa mke mdogo umeshikana kama ndugu wanaopendana. Ameshinda mke mdogo!" Kisha ukanyoosha mkono ukasema, "Lakini mimi nipeni ule ulioshindwa. Siwezi kumnyang'anya mshindi chakula chake."

Sahani ya Maduhu ilianguka. Watu walicheka mpaka mke wake mdogo akashikilia nguzo ya banda. Nilicheka nikakaa chini. Halafu sijui kilichonipata, nikaenda kujilaza kizingitini pa nyumba na kupiga kelele kuwa mimi ni mjane mdogo, sijapewa fungu langu, na hapiti mtu mpaka nilipwe. Maduhu akanipa paja la kuku alilokuwa ameshaliuma. Mama wa nyanya akanipa kilemba chake. Nikainuka, nikatembea kwa mwendo wa Babu, ule wa mguu mmoja kuuliza na mwingine kujibu.

Na wewe ulikuwa unalia, Bibi. Msibani hukulia hata tone, siku ile ulilia wakati watu wote wanacheka. Hapo ndipo Lucy alipokataa kuamini.

Je, nimesimulia sawa? Na jingine sijakuuliza, na wewe hukulisema nilipokuwa napanda basi. Baba mdogo ameshakuja?

Mke mdogo, mshindi wa mwaka wa kumi na ngapi sijui,
Kabula


Kasoli, Bariadi
2 Februari 2025

Mke mwenzangu Kabula,

Mwangaluka. Barua imefika upesi, Dastan siku hizi ananiogopa. Mimi mzima. Baba yako ameahidi kuja Pasaka, nami nimeahidi kuamini nikimwona. Pacha mmoja wa mbuzi nimempa Maduhu, kwa ajili ya mchele na kwa ajili ya ile sahani. Mwambie Lucy michembe hailiwi kwa mikono miwili.

Umesimulia vizuri lakini kuna makosa, nami ndiye niliyekuwa mbele.

La kwanza, sikulia. Ulikuwa moshi wa kuni mbichi ulizoziweka wewe mwenyewe kwenye mafiga yangu. Mwambie Lucy hivyo. Wewe nitakwambia ukweli: nililia. Nililia huku nikicheka mpaka kanga ikalowa, na sikuona haya, maana kila mtu alikuwa na machozi na hakuna aliyejua ya nani ni ya kicheko na ya nani ni ya msiba. Sikuweza kulia peke yangu mbele ya watu wanaonitazama kwa huruma. Nilihitaji kulia katikati ya kelele.

La pili, sikuinuka kwa sababu ya Maduhu. Maskini Maduhu, alisema ukweli wa mwanamume mwenye mke zaidi ya mmoja. Niliinuka kwa sababu ya barua yako ya Novemba. Hukujua, na sikukwambia: nililetewa mkesha wa Krismasi, wewe ukiwa kisimani. Nikaisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Umeuliza humo ni nani atakudanganya kuwa wali wako ni mzuri. Nilikaa nayo mpaka ukarudi, nikaongea habari za mbuzi. Kesho yake Maduhu aliposema yote mizuri, nikauona uso wako. Nikajua kwamba asipopatikana mwongo hapa, mtoto huyu harudi tena Kasoli. Basi uongo nikausema mimi. Wali wako, Kabula, ni mbaya. Lakini ulishinda, na utashinda mwakani.

La tatu hulijui kabisa. Asubuhi iliyofuata niliamka na hofu. Nikajiuliza, mwanamke aliyecheka vile mbele ya watu, je, ameshamsahau mumewe? Nikakaa kitandani nikamtafuta. Nikamkuta. Tangu Agosti niliyekuwa nikimkumbuka ni yule wa wodini, aliyelala kimya na midomo mikavu, asiyeweza hata kunitania. Kila nikifumba macho ndiye huyo. Asubuhi ile alikuja yule mwingine, mwenye maneno mengi, anayenidai chai. Aliniuma zaidi, sitakuficha, kwa sababu huyu ndiye ninayemtaka. Lakini nilifurahi kumwona. Tangu siku hiyo haendi mbali.

Umeuliza mtu anaupeleka wapi upendo wa namna hiyo. Mimi si padri. Ninavyoona, hauendi popote. Unabaki palepale, nawe unajifunza kuutumia. Wewe ulitumia wako kulala kizingitini ukidai paja la kuku. Uliutumia vizuri.

Sasa habari ya Josia. Alikuja katikati ya Januari na gari. Nikamwambia apakie. Akapakia gunia la michembe la watoto wake, kuku wawili na meza mbovu aliyosema ataitengeneza. Akafunga kamba. Kisha akanifungulia mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa mkono wake. Mimi sikupanda.

Akaniuliza, "Mama, utakaa na nani?" Nikamwambia nina pamba ekari moja inayohitaji palizi, nina Maduhu wa asubuhi, nina mume anayesema sana. Alinitazama kama naumwa malaria. Mkewe ndiye aliyecheka, binti mwema yule, akamwambia waondoke kabla mvua haijashuka. Sikumwambia sitahamia kwao kamwe. Ipo siku mguu utakataa, nami nitakwenda. Lakini siku hiyo nitakwenda kwa sababu ya mguu. Nilikuwa nataka kwenda kwa sababu ya woga, na woga umeisha.

Mikeka ile tuliyoikunja nimeikunjua yote. Mmoja panya walikuwa wameshauanza.

Barua hii niikatishe hapa. Magugu yamewahi kuliko pamba na mvua imesimama kidogo. Likizo ya Juni ukija, usijisumbue kushukia Mkula kunitafuta. Nipo hapa.

Mke mkubwa,
Maximiliana